Siku Gazeti Lilipomzika Bibi wa Ilunga

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa mlio wa ndoo. Ndoo yangu ya bati ilinitoka mikononi, ikabingirika mpaka chini ya bomba, na wanawake wote waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza kwa pamoja. Wanawake wa Makomeno kunyamaza kwa pamoja! Hata radi haikuwahi kuwafanya hivyo.

Nimeamua kukusimulia kwa sababu ya jana. Ulinijia mbio, mjukuu wangu, na simu yako mkononi, "Kambo, Kambo, banasema...", macho yamekutoka, na kabla sijavaa miwani yangu nione hicho wanachosema, ulikuwa umeshawatumia wenzako wote. Sikukugombeza. Nilikutazama tu, nikajiona mwenyewe nikiwa na umri kama wako, katika mji huu huu wa Lubumbashi, wakati Wabelgiji walipouita Elisabethville. Keti basi. Leta kile kiti kidogo. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iko motoni, haina haraka, na mimi vilevile sina.

Nilikuwa mke mpya. Mume wangu Ilunga, huyo kambo yako unayemwona kwenye picha ya ukutani, alikuwa fundi wa reli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza njia ya gari la moshi, kwa hiyo leo yuko nyumbani, kesho wamempeleka Bukama, kule mbali kwenye mto Lualaba, akae huko mpaka nisahau harufu ya shati lake. Mimi nilibaki katika nyumba yetu ya matofali pale mtaa wa Makomeno, nikiota ndoto. Ee, nilikuwa mwotaji mimi! Nilisoma kidogo tu kwa bamasere, masista wa misheni: kusoma, kuandika, kushona, basi. Lakini kile kidogo nilikipenda kuliko kikwembe kipya cha kujifunga. Kila picha nzuri ya gazeti niliikata, nikaibandika ukutani kwa uji wa unga, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba siku moja jina la nyumba yetu litachapwa humo. Sikujua litachapwa kwa sababu gani. Nilijua tu kwamba litapendeza.

Na kabla sijaendelea, nikuambie kidogo juu ya kambo ya Ilunga, maana utamhitaji mbele. Jina lake Ngoie. Ndiye aliyemzaa mama yake Ilunga, na ndiye aliyemlea Ilunga mama huyo alipokufa mapema. Siku ya harusi yetu alipanda gari la moshi kutoka Bukama na kapu la samaki wakavu, likanukisha behewa zima, na yeye wala hana habari. Alipofika akanifinya shavu mbele ya wageni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "We mudogo, ujue, huyu mwanaume alikuwa wangu kwanza. Mimi njo mukubwa wa nyumba. Wewe unakuja nyuma yangu!" Watu wakacheka mpaka machozi. Ndivyo kambo wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao, na hata mimi sasa, ndugu zako wakija hapa, si unanisikia ninavyowaita bwana zangu? Nilimpenda kambo Ngoie kuanzia pale aliponifinya.

Sasa turudi kwa gazeti. Lilitoka kila juma, la Kiswahili, kwa ajili yetu sisi watu weusi. Liliandikwa kwa Kiswahili kile cha vitabu vya misheni, kilichotoka upande wa ziwa na pwani. Sisi tunasema muntu na bantu, lenyewe linaandika mtu na watu. Sisi tunasema mutoto muzuri, lenyewe linasema mtoto mzuri. Tulikuwa tunacheka: "Angalia, bamekula u yote!" Na kwa kucheka hivyo tukadhani kwamba tofauti ni hiyo tu, ya herufi zilizomezwa.

Wenzangu wengi pale hawakujua kusoma, kwa hiyo siku gazeti lilipofika nilikwenda nalo kwa robine, ndiyo bomba letu la maji, nikawasomea kwa sauti tukingoja zamu. Tulikuwa na muda mwingi, maana maji yalitoka membamba kama uzi. Siku hiyo Mama Kyungu alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Huyo alikuwa jirani yangu, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, na nyumba yake haikuwa na mlango wa siri.

"Feli, gazeti imefika? Soma basi! Hii maji itajaza ndoo kesho kutwa."

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza kabisa, wee! Picha yetu. Sisi wenyewe, pale pale kwa robine, maji yanaruka kama chemchemi, tumefungua vinywa kwa kicheko. Chini yake wameandika: "Maji tele Makomeno. Akina mama wanafurahi."

"Maji tele!" Mama Kyungu akaweka mikono kiunoni. "Iko wapi? Iko ndani ya gazeti?"

"Kamua ile gazeti, Feli," mwingine akasema kutoka nyuma, "labda itatoka!"

"Mutege ndoo!"

Tulicheka sana, maana wote tuliikumbuka siku ile. Bwana wa picha alikuja asubuhi na mashine yake ya miguu mitatu, na robine ikafunguliwa mpaka mwisho. Tukachota, tukanyunyiziana kama watoto. Alipokunja mashine yake akaondoka, na maji nayo yakaondoka.

"Mi nilicheka pale kwa kweli," akasema Mama Kyungu, akichungulia uso wake gazetini. "Angalia meno yangu. Meno haidanganye. Gazeti njo inadanganya."

"Inadanganyaka kila siku!" wote wakaitikia. "Tupa kule!"

Sikulitupa. Nikageuza ukurasa, kule kwenye habari fupi fupi za miji, na macho yangu yakaangukia jina la Bukama, halafu jina la mume wangu. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikasoma kwa sauti ya juu, kama padri siku ya Pasaka: "Bukama. Bibi wa Bwana Desire Ilunga, fundi wa reli, amefariki..."

Hapo ndipo ndoo ilipoanguka.

Wewe unajua, mwanangu, kwetu hapa bibi ya muntu ni mke wake. Mama wa mama yako au wa baba yako ni kambo. Mtoto wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa hilo, amelinyonya.

Mama Kyungu ndiye aliyepata sauti kwanza. "Feli. Si wewe njo bibi ya Ilunga?"

"Njo mimi."

"Basi ulishakufa."

Kicheko kikapasuka. "Mutoe ndoo ya marehemu kwa foleni!" "Muzimu nayo inachota maji?" Mimi pia nilicheka, nakuambia kweli, nilicheka nikishika tumbo. Mpaka mwanamke mmoja wa nyuma, ambaye hata jina lake silikumbuki, akasema polepole, bila ubaya, kama anayehesabu vifungo vya shati:

"Kama haiko huyu, basi iko mwengine."

Kicheko kikakatika.

Kilichofuata kilikwenda mbio kuliko maji ya siku ya picha. "Banaume ya reli, kila gare, kila kituo, na bibi yake." "Kumbe ule wa Bukama njo wa kwanza. Huyu wetu njo wa pili." "Masikini mutoto ya bamasere." "Na batoto pengine iko." Mwanangu, mpaka nimeinama kuokota ndoo, yule bibi wa Bukama alishakuwa na watoto, na mmoja wao alishafanana na Ilunga kwa masikio.

Na hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyesema kwamba gazeti linadanganya.

Nilikwenda nyumbani bila maji. Nikafunga nguo zangu ndani ya kikwembe, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikatembea kwa miguu mpaka kwa baba yangu huko Kamalondo, gazeti kwapani. Na njiani nilikuwa nimeshakata shauri. Ndoa yetu ilikuwa ya kanisa. Jumapili ningekwenda kwa mupe, padri wetu, nimwambie mbele ya mashahidi kwamba Ilunga alinioa akiwa na mke mwingine. Wakati ule jambo kama hilo halikuwa mchezo. Angenyimwa komunyo, jina lake lingesemwa kanisani, na ndoa yetu ingevunjwa kabla haijapata mtoto hata mmoja. Ungetokea wapi leo, mwanangu? Usingekuwa na pa kutokea. Usingekuwepo.

Baba yangu, mzee Kalenga, alikuwa mwashi. Nilimkuta uani akisuka upya kiti cha kamba, kile cha babu yake. Aliuona mzigo, akayaona macho yangu. Akanipa maji kwanza. Nilipomaliza kunywa nikamwaga yote: Bukama, bibi, watoto, masikio.

Baba aliendelea kuvuta kamba. Halafu akasema, "Feli mama, kama iko vile, mi mwenyewe nitaenda kwa mupe mbele yako. Binti yangu haiko mutoto wa kuchezewa." Na akaivuta kamba mpaka ikalia. Usifikiri alikuwa mzee wa hadithi asiyekasirika. Alikasirika. Ila alikasirika akiwa ameketi. "Sasa soma. Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze."

Nikasoma: "Bukama. Bibi wa Bwana Desire Ilunga, fundi wa reli, amefariki..."

"Batoto iko wapi?"

"Nini, Baba?"

"Umesema batoto. Onyesha kidole. Batoto iko wapi pale?"

Nikatafuta. "Hawako."

"Nani alisema batoto?"

"Kule kwa robine."

"Na bibi ya kwanza, na wewe wa pili? Iko pale?"

"Hapana. Ile pia kwa robine."

"Robine ilienda Bukama?"

Alinicheka kidogo, siyo kwa dharau, kwa huruma. "Basi uko na habari mbili, mama. Moja ya gazeti, ingine ya robine. Umezifunga ndani ya kikwembe kimoja, njo maana mzigo iko mzito."

"Baba, unamutetea?"

"Mi simutetee. Mi sikuwa Bukama. Sijue Ilunga yote, hata mama yako sikumujua yote." Akavuta kamba tena. "Uliniambia gazeti iliweka foto ya maji yenye haiko. Mukacheka, mukasema tupa kule. Ukageuza ukurasa, gazeti ile ile, mukasema iko kweli kabisa. Nani alibadilika, gazeti ao nyinyi?"

Swali hilo liliniingia, mwanangu. Sijalitoa mpaka leo. Maana ni kweli: la maji tulilijua kwa macho yetu, tukalikataa. La Bukama hatukulijua kabisa, tukalimeza. Na tulilimeza kwa sababu lilikuwa tamu kulizungumza. Hata mimi niliyeumia, nilikuwa nalitafuna kama mtu anavyogusa jino bovu kwa ulimi.

"Na umesoma mpaka mwisho?" akauliza.

"Ndiyo." Halafu nikatazama. "Hapana."

Sikuwa nimesoma mwisho. Ndoo ilianguka, nikaishia pale kwenye "amefariki". Kwa baba ndipo niliposoma mistari iliyobaki: "Amezikwa kwa heshima karibu na mto. Bwana Desire anawajulisha jamaa zake wote wa Elisabethville."

Baba akaacha kamba. "Anawajulisha?"

"Anawajulisha."

"Muntu anaficha bibi, kisha anamutangaza kwa gazeti, na mji anataja, na jamaa yote anaita?" Akakuna kidevu. "Ingine haikae sawa. Mi sijue iko nini, lakini haikae sawa."

Neno lilikuwa bado pale, bibi, jeusi juu ya karatasi. Jioni ikaingia, na kabla ya chakula tukasali rozari kama kila siku nyumbani kwa baba. Mimi ndiye niliyeongoza, kwa sababu ya kusoma kwangu. Nikasali kwa mdomo, moyo uko Bukama, mpaka nikafika pale tunapomwita Maria: Bibi yetu. Nikasema mara moja, nikaendelea. Nikasema mara ya pili, ulimi ukakwama.

"Baba."

"Tunasali, mama."

"Baba, Bibi yetu iko bibi ya nani?"

Baba akafungua jicho moja. Akatazama ile sanamu ndogo kwenye kona. Nilimwona anataka kunikemea, halafu naye swali likamkamata. "Iko... iko mama mukubwa. Mama wa heshima, wa sisi yote."

"Basi kwa Kiswahili ya mission, bibi haiko bibi tu."

"Mi sijue. Kiswahili ya kitabu iko yako. Mi naombaka tu."

Neno hilo nililitamka tangu nikiwa mdogo, kila jioni, na sikuwahi kulisikia. Nilikuwa na neno moja lenye milango miwili, na nimeingia kwa mlango mmoja nikadhani nyumba yote nimeiona. Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja wa Bukama, mama mkubwa, mama wa heshima, aliyenifinya shavu mbele ya wageni. Mimi njo mukubwa wa nyumba. Sikutaka liwe kweli, mwanangu. Angalia jinsi moyo ulivyo wa ajabu: mchana nililia kwamba mume wangu ana mke mwingine, na jioni ile ile nilikuwa karibu kuomba iwe hivyo, ili kambo Ngoie awe mzima.

Nilimwambia baba ninachofikiri. Akasema, "Pengine. Lakini ile nayo haiko habari bado, iko mawazo yako. Usiipeleke popote. Tutamungojea mwenyewe."

Asubuhi tulisikia makofi uani. Makofi ya taratibu, yale ya mkwe anayemsalimu baba mkwe kwetu, amechutama mbali na mlango. Nikachungulia. Ilunga. Nguo za kazi bado zina vumbi la njia, na kichwa amenyoa chote kama anavyonyoa mtu aliyefiwa.

"Jambo yenu, Baba," akasema. Halafu akaniona, na uso ukamvunjika kama wa mtoto. "Feli. Mukubwa wa nyumba ameenda."

Nikaketi pale pale chini.

Alikuwa ameshuka kwenye gari la moshi alfajiri, akaenda moja kwa moja Makomeno. Alitegemea kukuta mkeka umetandikwa nje, majirani wamekaa, kilio kinaendelea. Akakuta mlango umefungwa. Akamuuliza Mama Kyungu, naye, maskini, akamjibu kwa ukali wa mtu aliyekesha akinionea uchungu: "Bibi yako alirudi kwa baba yake, sababu ya ile bibi yako ingine alikufa!" Ilunga akasimama na sanduku lake mkononi, asielewe hata neno moja.

"Lakini habari haikufika?" akaniuliza. "Mi nilifanya mbio kwa mwalimu wa Bukama, ule anatumaka habari kwa gazeti. Nikamwambia, andika: kambo ya Ilunga. Akasema, kambo haiko Kiswahili. Kiswahili iko bibi. Nikasema sawa, andika vile. Si yeye mwenyewe alikuwa anajiita vile, bibi wangu wa kwanza?" Akajaribu kucheka, machozi yakamzidi. "Nikajisemea, barua inaweza kupotea. Gazeti haipotee. Feli anasomaka yote. Feli atasoma, atatandika mukeka, hatutalia peke yetu."

Umesikia, mwanangu? Habari ile ilikuwa yangu. Katika gazeti zima, lenye picha na matangazo na mambo ya wakubwa, kile kipande kidogo kiliandikwa ili kinifikie mimi. Mume wangu alinipelekea uchungu wake kwa njia aliyoamini kuliko zote, kwa sababu alijua napenda kusoma. Na kilinifikia. Nilikishika mikononi, nikakisoma kwa sauti nzuri.

Baba ndiye aliyetandika mkeka. Aliuchukua ukutani, akautandika nje mbele ya nyumba yake, akaketi kwanza yeye. Kilio cha kambo Ngoie kilifanyika hapo Kamalondo. Mchana Mama Kyungu akatokea, unga kichwani na wanawake wa robine nyuma yake, akalia kuliko sisi wote, kilio cha kweli kabisa. Alipopumzika akanisogelea, akafuta pua kwa kikwembe.

"Feli, basi gazeti ilitudanganya tena?"

"Hapana, Mama Kyungu. Mara hii njo sisi."

Akafikiri. "Lakini ile ya maji ilidanganya."

"Ile ya maji ilidanganya."

"Aa," akasema. "Basi iko kazi."

Iko kazi, mwanangu. Ndilo ninalotaka kukuambia, na Mama Kyungu alilisema kwa maneno machache kuliko yangu. Vijana mnaniuliza: Kambo, tuamini redio? Tuamini hizi za simu? Mnataka niseme ndiyo au hapana, mkapumzike. Siwezi. Karatasi ile ile moja, upande huu ilionyesha maji yasiyokuwepo, na upande wa pili ilisema kweli tupu ambayo sikuweza kuisikia. Aliyeikataa yote angekosa kilio cha kambo. Aliyeiamini yote angebeba ndoo tupu. Mimi tangu siku ile siamini gazeti wala silikatai. Nashika neno moja moja, nalipima.

Ile picha ya robine, kwa mfano. Hakuna kilichobuniwa ndani yake: maji ni maji, meno ya Mama Kyungu ni meno. Uongo ulikuwa katika kile kilichotokea mpiga picha alipokunja mashine yake. Kwa hiyo ukionyeshwa picha, hata hizi za siku hizi zinazotembea, jiulize nani alifungua bomba, na kesho yake kukawaje. Muulize anayeishi pale. Yule mwenye ndoo.

Na ukisoma, usisimame pale ndoo inapoanguka. Hapo ndipo watu wote husimama, na hapo ndipo fujo huanzia. Fika mwisho, hata macho yakiwa na machozi. Kisha tenga kilichoandikwa na kilichoongezwa, weka kidole chako pale kama baba alivyoniambia, maana wanaokuongezea mara nyingi ni watu wanaokupenda, wala hawajui kwamba wanaongeza. Mwandishi naye ni mtu. Yule mwalimu wa Bukama hakuwa mwongo. Alitaka kutengeneza Kiswahili chetu kiwe kizuri, akatupotezea kambo humo. Mara nyingi aliyekupotosha alikuwa na nia njema na kamusi mbaya.

Lakini kubwa kuliko yote, jihadhari na habari inayokupa hamu ya kukimbia kuisema. Ukiona miguu inakuwasha, keti kwanza. La jana hilo uliloniletea ukikimbia, sisemi ni uongo. Hata sasa sijui. Nasema tu kwamba na wewe hujui, na wenzako wote wameshalipata.

Basi, sombe inaniita. Mungu akupe macho ya kufika mwisho wa kila ukurasa, akupe na mtu wa kukuuliza "iko wapi pale?" unapokuwa na haraka. Akulinde na uchungu usio wako, na ule ulio wako aufikishe mikononi mwa mtu atakayeusoma sawasawa. Uzae, ulee, uitwe kambo nawe.

Na siku yangu ikifika, mwanangu, mkitaka kutangaza kifo changu, andikeni "kambo". Yule atakayewaambia haiko Kiswahili, mleteni kwanza kwa robine, tumfundishe. Tena muongeze hapo chini kwamba amekwenda kumkuta mukubwa wa nyumba.